Mwiko Uliokutwa Kwenye Gari la Mwenye Magodoro

Kwanza jambo hili liwekwe sawa, maana limezungushwa midomoni hadi limepoteza umbo. Kitu kilichokutwa kwenye gari la mwenye magodoro hakikuwa hirizi, hakikuwa dawa ya mapenzi, wala hakikuwa mfupa wa kiumbe chochote kilichowahi kupumua. Kilikuwa mwiko. Mwiko wa mbao, wa kupikia, uliotoka jikoni kwa watu wenye heshima zao, ukiwa umezungushiwa kitambaa cheupe na kufungwa kwa uzi mwekundu. Uzi ulikuwa mwekundu kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Anayeandika haya ni wifi wa mwenye mwiko, mjane wa kaka yake, naye alikuwapo. Waliosimulia zaidi yake walikuwa nje ya ukuta wakichungulia, na mchunguliaji huona nusu, nusu nyingine akajitungia.

Mwenye mwiko mtaa mzima humwita Shangazi, kwa kuwa watoto wa kaka yake walimwita hivyo na jina likatoka nje ya geti lenyewe. Ni kitinda mimba wa kwao. Miaka yake mizuri aliimalizia katika jiko la shule ya bweni, akikoroga masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na sauti yake ikazoea kuvuka moshi. Kisha shule ikaamua chakula kiletwe na watu wa nje, kikiwa kimekwishapikwa, na wapishi wakaagwa kwa hotuba. Shangazi akarudi nyumbani kwa kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa amekwishatangulia mbele ya haki, na nyumba ilikuwa mikononi mwa wifi yake.

Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemnyima sahani, na hakuna aliyemtuma akaoshe magari ya watu. Hilo nalo lilisemwa, na ni uongo. Shangazi hakuwa amemaliza hata kupanga nguo zake kabatini alipotokea sebuleni amejifunga kitambaa kichwani.

"Wifi," alisema, "wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi si mgeni hapa, lakini jembe nalitaka."

"Pumzika kwanza. Nyumba ni yako."

"Nikipumzika nitaota mizizi. Nimepita pale nyuma ya kituo cha mafuta, wanaosha magari. Wanatafuta mtu wa ndani."

Wifi yake aliweka kikombe chini. Nyumba ile ilijulikana. Marehemu alikuwa mtu wa kuvaa tai hata siku ya mapumziko, na watu walimpisha njiani. "Barabarani pale? Kila anayepita akuone umeinama?"

"Anione. Jina la kaka yangu halitachafuka kwa sabuni."

Akaenda. Aliyemwajiri ni msimamizi anayeitwa Povu, kwa kuwa kila swali duniani yeye hulijibu kwa povu. Gari likiwa na tope, povu. Likiwa na kutu, povu. Vijana wa Povu walikuwa wa nje, mabingwa wa mpira wa maji na kelele. Ndani hapakuwa na mtu aliyepapenda, kwa sababu ndani hakuna anayekuona ukifanya kazi, bali kila mtu huona usipoifanya. Shangazi akapewa ndani: mazulia, viti, makombo ya watoto, na vioo.

Vioo vya mlangoni si kitu. Hata mtoto atavifuta. Taabu ni kioo cha mbele, upande wa ndani. Kimelala kama paa la kibanda, kikishuka mbele kinakutana na dashibodi, na pale kinapokutana pamebanwa kiasi kwamba vifundo vya vidole hugonga kioo kabla kiganja hakijafika. Mfutaji hupangusa anapofika, na asipofika huacha utando umekaa chini kama hilali. Utando huo hautoki barabarani. Hutoka humo humo garini, kwenye plastiki inayochemka juani ikitoa mafuta, kwenye pumzi za watu, kwenye vidole vya anayemwonyesha dereva njia kwa kugusa kioo. Kivulini hauonekani. Na Povu aliyakabidhi magari kivulini.

Shangazi hakuwa mtu wa kukabidhi sufuria bila kuliangalia kitako. Kila gari alilikalia kwa muda, akijipinda mara kwa goti, mara kwa kiwiko, na vijana wa mpira wa maji wakapata cha kuchekea.

"Shangazi, gari unaliosha au unalinyoa ndevu?"

"Nalinyoa. Likitoka hapa linakwenda kuposa. Wewe endelea kulimwagia maji, kwani ndiyo kazi ya mvua na wewe."

Pamoja na kujipinda kote, ile hilali ilibaki. Aliijua, na ilimkera kama punje iliyokwama kwenye jino.

Ndipo mwenye magodoro akarudi kulalamika. Huyu ni mfanyabiashara mpole, mnene, mwenye sauti kama ya godoro likikaliwa. Hakupiga kelele, na hilo likawa baya zaidi.

"Bwana Povu, mimi narudi nyumbani jioni, jua likinitazama usoni. Kioo chote cha chini kinageuka maziwa. Jana nusura nikwangue ukuta wa zahanati. Nikiosha gari kwako nione vibaya kuliko nisipoosha, nakuja kufanya nini?"

Povu alimsubiri aondoke, kisha akamwita Shangazi pembeni.

"Ndani ni kwako, Shangazi. Mwenye pahali hapa ameshasikia. Kioo hicho kikirudi tena na maziwa, sitakuwa na la kukutetea."

"Hakitarudi."

"Utafanyaje?"

"Bado sijui. Lakini hakitarudi."

Alijaribu kila kitu. Alijaribu rula iliyozungushiwa kitambaa, ikapinda ikatoa mlio wa kuchekesha. Alijaribu mpini wa brashi, ukatetereka na kuuacha utando pale pale. Alijaribu kugeuza mkono na kufuta kwa mgongo wa vidole, akachubuka vifundo vyote, na jioni akala kwa mkono wa kushoto bila kutaka kuulizwa.

Jawabu lilimjia jikoni, mahali alipozoea kupata majawabu. Alikuwa akikoroga chakula cha jioni, akili haipo, mkono ukienda wenyewe. Akatazama mwiko ukipita pembeni mwa sufuria, pale ukuta wa sufuria unapokutana na kitako, pale ambapo chakula hupenda kushika na kuungua. Ule ubapa wa mwiko ulikuwa ukilala ukutani, ncha ikifika kwenye kona, bila mkono wake kuingia hata kidogo. Miaka yote hiyo alikuwa akisafisha kona zisizofikika, ila tu hakujua kwamba ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Akazima moto. Chakula kilikuwa kibichi kidogo siku hiyo, na kiliwa hivyo hivyo.

"Wifi, una kitambaa cha pamba cha kutupa? Kiwe kimefuliwa mpaka kimechoka, kisiwe na manyoya."

"Angalia kwenye mfuko wa matambara, nyuma ya mlango."

Shangazi akachakura, akatoa foronya nyeupe ya zamani iliyochanika katikati. Akaimalizia kuichana, nusu akairudisha mfukoni, nusu akaizungushia mwiko mdogo wa nyumba ile, ule ulioungua ncha ya mpini. Aliona kuna tarizi upande mmoja, nyuzi zimefifia. Akaikunja kwa ndani ili nyuzi zisikwaruze kioo. Kusoma hakusoma. Nani husoma tambara?

Siku iliyofuata vijana walipoona mwiko unaingia garini waliacha mpira wa maji ujimwagie.

"Shangazi, leo unapika humo?"

"Napika. Wewe utakula masizi."

Alikaa kiti cha abiria, akajilaza, akaloweka kitambaa kwa maji yenye siki kidogo na kukikamua hadi kikabaki na unyevu tu. Ubapa ukalala kwenye kioo, ncha ikateleza hadi kule chini kulikombana siku zote. Akapangusa juu na chini, kisha akageuza upande mkavu, akarudia juu na chini. Upande wa nje akawaamuru vijana wapanguse kushoto na kulia. Hivyo basi, mstari ukibaki umesimama, kosa ni la ndani, ni lake. Ukibaki umelala, kosa ni la nje, ni lao. Ubishi ukaisha siku hiyo hiyo. Kisha akadai kila gari litolewe kwenye banda, lielekezwe juani, ndipo likabidhiwe.

"Tutawachelewesha wateja," Povu alilalamika.

"Kivulini kila kioo ni safi, kama gizani kila mtu ni mzuri. Toa gari."

Mwenye magodoro alikaa nyuma ya usukani, akatazama, akapepesa macho. Akanyoosha kidole akigusa kioo kuhakikisha kipo, na Shangazi akampiga kofi dogo la mkono kama alivyokuwa akiwapiga wanafunzi waliochovya kwenye sufuria. Mwenye magodoro ndiye aliyecheka kwanza. Tangu hapo akawa haoshi gari asipokuwapo Shangazi. Wengine wakafuata. Watu wakaanza kuuliza, "Yule mama wa kioo yupo?" na Povu akawa anajibu kwa fahari, kana kwamba mwiko ulikuwa wazo lake. Nyumbani, wifi yake aliacha kuongelea barabara na kuinama. Alianza kumwekea chakula cha mchana kwenye chombo chenye kifuniko.

Basi ikaja ile siku ya wingu. Mwenye magodoro alikuwa ameleta gari, Shangazi yuko katikati ya kioo. Akauegesha mwiko kwenye kona ya dashibodi, akatoka kukamua kitambaa cha pili kwenye ndoo. Wakati huo huo simu ya mwenye magodoro ikalia. Magodoro yalikuwa juu ya lori lisilo na turubai na manyunyu yameanza. Bwana mpole hajawahi kukimbia vile. Aliingia garini, akaondoka mlango mmoja ukiwa haujafungwa sawasawa, na mwiko ukaenda naye.

Shangazi alicheka. "Kesho ataurudisha," akasema.

Kesho haukurudi mwiko, zilirudi habari. Mke wa mwenye magodoro ndiye aliyeingia garini akitaka kwenda sokoni. Akaona kijiti kimefungwa kitambaa cheupe na uzi mwekundu, kimejificha chini ya kioo, upande wa mumewe. Akanusa, kikanuka kitu kikali. Akafungua ukunjo mmoja, na mle ndani, kwa tarizi iliyofifia lakini inayosomeka vizuri, akakuta maneno: *mpenzi wangu wa pekee*.

Mwanamke yeyote angepiga kelele, na hapo halaumiwi. Kosa lilikuwa kupiga kelele hizo karibu na jirani yake, yule anayeitwa Redio kwa sababu hana kifungo cha kuzimia. Kabla jua halijazama, mtaa ulikuwa na habari kamili: dada wa marehemu, yule mpole wa kujifanya, kamwekea mume wa mtu dawa garini. Mwiko ni wa kumkoroga akili. Uzi mwekundu ni wa kumfunga. Wengine wakasema waliwahi kumwona akimpiga kofi la mkono huku wote wawili wanacheka, na hilo ndilo pekee lililokuwa kweli.

Povu alimpokea Shangazi asubuhi akitazama viatu vyake mwenyewe.

"Pumzika nyumbani kidogo, Shangazi. Wateja wanaogopa kukalia viti."

"Viti vimefanya nini?"

"Viti havina kosa. Ila mwiko... mwiko wenye maneno ya mapenzi, Shangazi! Mimi nitasemaje?"

"Maneno gani?"

Alipoambiwa, alisimama na ndoo yake mkononi kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Aliikumbuka tarizi. Kwamba ilikuwa na maneno, hakujua. Ya nani, hakujua pia.

Nyumbani alimsimulia wifi yake yote, hadi lile neno. Wifi yake alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja, polepole zaidi.

"Tunyamaze," alisema mwishowe. "Nyumba hii haijawahi kujibizana na mtaa."

"Ukinyamaza wewe, wifi, watasema una busara. Nikinyamaza mimi, watasema nimekamatwa." Shangazi alikuwa ameshaanza kuchanganya siki na maji. "Kazi naitaka, na jina nalitaka. Nitakwenda kuuchukua mwiko wangu mchana, watu wakiona. Nitakisafisha kile kioo mbele ya yule mama. Akitaka kunipiga, anipige kioo kikiwa kimekwisha."

"Na akikuuliza maneno ni ya nani?"

"Nitasema sijui. Ndiyo kweli."

"Kweli ya namna hiyo haimtoshi mwenye wivu."

"Basi nitakuwa na kioo."

Wifi yake alimtazama. Kisha akaenda chumbani, akarudi amevaa gauni la kijivu la ofisini na viatu vya kufunga. Alisema anakwenda kuhakikisha tu kwamba watu wanaongea kwa adabu.

Walifika alasiri, jua limeinama. Geti la mwenye magodoro lilikuwa wazi, na uani palikuwa na wanawake wengi kuliko inavyohitajika kuchambua bakuli moja la mboga. Mwiko ulikuwa juu ya ukuta, umewekewa jiwe juu yake usije ukaruka.

"Haa, mganga kaja na ndoo!" Redio alitangaza.

Mke wa mwenye magodoro akainuka. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala. "Umefuata dawa yako?"

"Nimefuata mwiko wangu, mama. Mpini umeungua ncha, kwa sababu siku moja tuliusahau jikoni juu ya moto. Na nimefuata kioo. Niliacha kazi katikati."

"Kioo! Unaniletea habari za kioo?"

"Ndizo nilizo nazo. Gari lako hilo hapo. Lielekeze juani, ukae wewe kwenye usukani. Utaona nusu nimeisafisha na nusu sijafika. Nitamalizia ukinitazama mikono. Ukiona kitu kingine zaidi ya maji, siki na mwiko, piga yowe, mashahidi wako wamejaa."

Palikuwa na mnong'ono, kisha udadisi ukaushinda uoga, kama kawaida yake. Gari likasogezwa. Shangazi alilitoa jiwe mwenyewe, akauchukua mwiko, na wanawake wawili wakasogea nyuma. Akaingia kiti cha abiria. Mke wa mwenye magodoro akaingia upande wa pili, amejibana mlangoni.

Jua likapiga kioo. Upande mmoja ulikuwa wazi kabisa: jani la mti ng'ambo ya barabara lilihesabika. Upande wa pili ulikuwa maziwa.

"Hivi ndivyo anavyoendesha kila siku?" mke aliuliza, bila kukusudia kuuliza.

"Ndivyo alivyokuwa akiendesha. Ndiyo maana aling'ang'ania vioo visafishwe. Alitaka kufika nyumbani mzima."

Shangazi akafungua uzi mwekundu mbele ya macho yote, akakikunjua kitambaa hadi mwisho, akautikisa mwiko mtupu. Hakikudondoka kitu. Ndani ya mbao kulikuwa na mbao. Ila kitambaa kilikuwa sasa kimetandazwa magotini mwake, na tarizi ikasomeka kuliko mwanzo.

Mke akaweka kidole juu yake. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kioo nimekiona, Shangazi. Mwiko nimeuelewa. Hili neno je? Nani mpenzi wa pekee?"

Ua wote ukasogea karibu na gari. Hata mboga ziliachwa.

"Sijui, mama," Shangazi alisema. "Nilikitoa kwenye matambara. Sikukisoma."

"Hujui!" Redio alirukia. "Kitambaa kimejitarizi chenyewe!"

Shangazi alikaza mkono kwenye mwiko, akatazama mbele kupitia ule upande wa maziwa, na mtu aliyemjua angeona kwamba hatashuka garini hata jua lizame, lakini pia kwamba hana neno lingine.

Ndipo wifi yake akasogea dirishani. Alisema kwa sauti ile ile ambayo angeitumia kuuliza saa.

"Tarizi hiyo ni ya mkono wangu. Foronya ilikuwa ya kitanda changu, na aliyeitwa mpenzi hapo ni mume wangu, niliyemzika. Ninyi nyote mlikuja mazishini. Mnaotaka kulinganisha mshono, njooni nyumbani muone vitambaa vya meza. Nawakaribisha kwa chai."

Mke wa mwenye magodoro alikitoa kidole chake kwenye kitambaa haraka, kama mtu aliyegusa barua isiyo yake. "Nisamehe, mama," alisema. Akamgeukia Shangazi. "Na wewe nisamehe."

Shangazi alikuwa hamtazami. Alikuwa akitazama kitambaa. "Wifi," alisema, na sauti yake iliyozoea kuvuka moshi haikuvuka hata dirisha. "Nimekuwa nikifutia magari kwa mto wa kaka?"

"Kilikuwa kwenye matambara. Mimi ndiye niliyekiweka humo."

"Kwa nini?"

"Malizia kioo. Jua linakwenda."

Shangazi akakikunja kitambaa taratibu, akamkabidhi wifi yake kupitia dirishani. Kisha akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akakizungushia mwiko, akakiloweka na kukikamua. Akajilaza. Akapangusa juu na chini hadi kona ya mwisho, akageuza upande mkavu, akarudia. Alipomaliza, mke wa mwenye magodoro alikaa akitazama barabara yake mwenyewe, ambayo hakuwahi kuiona vizuri hivyo kutoka pale.

Povu alikuja mwenyewe kumwita, kofia mkononi. Shangazi akarudi kazini kesho yake na mwiko ule ule, safari hii umevikwa fulana nyeusi isiyo na neno lolote. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo isemwe.

Siku ile walipokuwa wakitoka getini, Redio hakuweza kujizuia. "Mama," aliita, "hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili imeandikwa nini?"

Nusu ya pili ipo. Imeondolewa kwenye mfuko wa matambara, imefuliwa, imepigwa pasi, na imefungiwa pamoja na mwenzake. Yaliyoandikwa juu yake yalikuwa na msomaji mmoja tu, naye aliyasoma. Asiulize mtu. Sisemi zaidi.